Benjamin Foulois: jenerali aliyeponzwa na neno “tunaweza”

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Februari 1934, Meja Jenerali Benjamin Foulois, mkuu wa Kikosi cha Anga cha Jeshi la Marekani, aliitwa kwenye ofisi za Posta mjini Washington. Harllee Branch, mmoja wa wasaidizi wakuu wa waziri wa posta, alikuwa na swali moja tu. Serikali ilikuwa mbioni kufuta mikataba ya kampuni za ndege zilizobeba barua, kwa tuhuma kwamba mikataba ile iligawanywa kwa kujuana. Ikifutwa, je, jeshi linaweza kuibeba kazi hiyo?

Foulois na wasaidizi wake wakapitia ramani na njia za barua pamoja na watu wa Posta. Akasema inawezekana. Alipoulizwa anahitaji muda gani kujiandaa, akasema wiki moja au siku kumi zinatosha. Siku hiyo hiyo Rais Franklin Roosevelt akatangaza kwamba jeshi litaanza kupeleka barua tarehe 19. Jenerali Douglas MacArthur, Mnadhimu Mkuu na bosi wa Foulois, alipata habari mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Kazi hiyo ilipokwisha mwanzoni mwa Juni, askari 12 wa anga walikuwa wamekufa.

Simulizi nyingi kuhusu mkasa huu huishia hapo: jenerali mwenye kimbelembele alitaka kumfurahisha rais, akatoa ahadi asiyoweza kuitimiza, ulimi ukaponza kichwa. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Ukiifuata kazi ya Foulois tangu mwanzo, utaona jibu alilompa Branch ndilo jibu alilokuwa akilitoa kwa miaka 24. Ndilo lililompandisha. Jeshi lenyewe ndilo lililomfundisha kulitoa, na likamlipa vyeo kwa kulitoa.

Foulois hakuwa mtoto wa wakubwa. Alizaliwa mwaka 1879 katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Connecticut, baba yake akiwa fundi bomba mwenye asili ya Ufaransa, na yeye mwenyewe akaanza kujifunza ufundi huo. Vita na Hispania vilipozuka mwaka 1898 alijiandikisha jeshini kwa cheti cha kuzaliwa cha kaka yake, kwa sababu umri wake ulikuwa haujatosha. Akaenda Puerto Rico, kisha Ufilipino, na mwaka 1901 akapata uofisa kutoka ngazi za chini. Hakupita West Point, chuo cha maofisa wa jeshi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana katika jeshi la wakati ule kundi la West Point lilijuana na kulindana, na mtu aliyetoka nje yake alikuwa na njia moja tu ya kuonekana: kukubali kazi ambazo wengine wanazikwepa.

Urukaji ulikuwa kazi ya namna hiyo hasa. Mwaka 1907, akiwa katika shule ya Kikosi cha Mawasiliano huko Fort Leavenworth, Foulois aliandika tasnifu kuhusu thamani ya maputo ya kuongozwa na mashine za kuruka katika vita. Alibashiri kwamba siku zijazo majeshi yatapambana kwanza angani kabla ya askari wa miguu kukutana. Wakati huo jeshi la Marekani halikuwa na ndege hata moja. Mashine ya akina Wright ilipoletwa Fort Myer kufanyiwa majaribio mwaka 1908, ilianguka tarehe 17 Septemba na kumuua Luteni Thomas Selfridge, mtu wa kwanza duniani kufa katika ajali ya ndege yenye injini.

Mwaka uliofuata akina Wright walirudi. Mkataba ulidai ndege ibebe watu wawili kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, bei yake dola 25,000, na bonasi kwa kila maili ya ziada. Jaribio la mwisho lilifanyika tarehe 30 Julai 1909: kutoka Fort Myer hadi Alexandria na kurudi, kama kilomita 16 kwa jumla, Orville Wright akiongoza na Foulois akiwa abiria. Foulois alikuwa mfupi na mwepesi, na alipenda kusema kwamba alichaguliwa kwa uzito wake mdogo kuliko kwa akili zake. Walifikisha wastani wa maili 42 na nusu kwa saa, yaani kilomita 68. Serikali ikalipa dola 30,000. Jeshi likawa na ndege yake ya kwanza.

Kilichofuata ni kichekesho cha kiserikali ambacho msomaji wa popote atakitambua. Wilbur Wright aliwafundisha kuruka maofisa wawili, Frank Lahm na Frederic Humphreys, huko College Park, Maryland. Mafunzo yalipokwisha, ndege ikaharibika, na maofisa wote wawili wakarudishwa kwenye vikosi vyao vya asili kwa mujibu wa kanuni. Serikali ilikuwa imenunua ndege, ikagharimia marubani, kisha ikawaondoa marubani. Aliyebaki ni Foulois, aliyekuwa amepata saa chache za mafunzo na hajawahi kuruka peke yake, wala kuipaisha ndege au kuitua kwa mikono yake.

Majira ya baridi ya Maryland hayakufaa kurukia, kwa hiyo akapelekwa Fort Sam Houston, San Antonio, Texas. Maagizo ya Jenerali James Allen, mkuu wa Kikosi cha Mawasiliano, yalikuwa mafupi: achukue vipuri vya kutosha, akajifundishe mwenyewe kuruka. Ndege ilifika ikiwa vipandevipande ndani ya makasha. Alikuwa na kikundi kidogo cha askari na fundi mmoja wa kiraia, Oliver Simmons. Bajeti ya matunzo ilikuwa dola 150.

Asubuhi ya tarehe 2 Machi 1910 Foulois alipaa kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Siku hiyo moja alipaa kwa mara ya kwanza, akatua kwa mara ya kwanza, na kuangusha ndege kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ukaanza mtindo ambao sijui kama uliwahi kuonekana tena katika historia ya urukaji. Kila alipokwama aliwaandikia akina Wright barua kueleza kilichotokea, nao wakamjibu kwa barua wakimwambia amekosea wapi na ajaribu nini. Mtu alijifunza urubani kwa njia ya posta! Historia haina haya: miaka 24 baadaye ni barua hizohizo zitakazommaliza.

Tutazame kwa karibu alichokifanya pale Texas. Rubani wa mashine ile alikaa wazi mbele ya bawa, bila kitu cha kumshika. Baada ya kunusurika kurushwa nje na upepo, Foulois aliwaendea mafundi wa matandiko ya farasi pale kambini wakamtengenezea mkanda wa ngozi, akajifunga kwenye kiti. Ndege ilitua juu ya mbao za kuserereka kama sleji na ilihitaji reli na uzito wa kuirusha ili ipae. Yeye na Simmons wakaifungia magurudumu. Fedha zilipokwisha akaanza kutoa mshahara wake kununua vifaa. Kuanzia mwishoni mwa 1909 hadi mwanzoni mwa 1911, jeshi zima la Marekani lilikuwa na ndege moja, na rubani mmoja wa kuirusha, naye ni huyu.

Ni rahisi kumpenda Foulois wa wakati huu. Ni yule fundi wa mtaani anayelifufua gari kwa waya na kipande cha mpira, na kesho gari linaonekana barabarani. Lakini mwenye gari akishaona limetembea, hanunui kipuri. Bunge la Marekani lilikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba urukaji wa kijeshi ni shughuli ya dola 150 kwa mwaka, kwa sababu kulikuwa na luteni mmoja aliyekuwa akiifanya ionekane hivyo. Fungu la kwanza la maana, dola 125,000, lilitoka Machi 1911. Mwezi huohuo Foulois na rubani Philip Parmalee waliruka kama kilomita 170 kufuata Mto Rio Grande kutoka Laredo hadi Eagle Pass, kwa ndege isiyo ya jeshi. Iliazimwa kwa tajiri mwenye magazeti, Robert Collier. Ile ya jeshi ilikuwa imechakaa kiasi cha kupelekwa makumbusho.

Mwaka 1916 ndio ninaourudia sana, kwa sababu ndipo mambo yaligeuka. Machi 9, wapiganaji wa Pancho Villa, mwanamapinduzi wa Mexico, walivuka mpaka na kuushambulia mji wa Columbus, New Mexico. Jenerali John Pershing akaamriwa aingie Mexico kumsaka, na Foulois, sasa akiwa nahodha, akapewa kazi ya kumsaidia kwa kikosi cha kwanza cha ndege cha jeshi. Alikuwa na ndege nane aina ya Curtiss JN-3 zenye injini za nguvu farasi 90.

Injini hizo hazikuwa na ubavu wa kuvuka milima ya Sierra Madre. Upepo wa mabondeni uliziburura chini. Joto kavu la jangwani lilizipasua rafadha za mbao, zikafunguka gundi, ikabidi mafundi wachonge nyingine palepale. Jioni ya tarehe 19 Machi ndege zote nane zilipaa kutoka Columbus kwenda Casas Grandes, na giza likawakuta njiani marubani ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu wa kuruka usiku. Moja ilirudi kwa ubovu wa injini, nyingine zikatawanyika na kutua popote zilipoweza, moja ikavunjika ilipotua. Foulois aliomba ndege kumi zenye injini kubwa zaidi. Washington haikumpa. Baadhi ya marubani wake wakamwaga kero zao kwa waandishi wa habari, jambo lililowaudhi wakubwa kuliko ubovu wenyewe wa ndege.

Tukio la Chihuahua linaonyesha Foulois alikuwa mtu wa namna gani. Tarehe 7 Aprili ndege mbili zilitumwa kupeleka ujumbe kwa konseli wa Marekani mjini humo. Foulois aliruka na Luteni Herbert Dargue, wakatua kusini mwa mji. Nyingine ikatua kaskazini. Foulois akashuka kwenda mjini kwa miguu, akamwambia Dargue apae akaungane na mwenzake. Dargue alipoinuka, askari wanne wa farasi wakaanza kuifyatulia ndege risasi. Foulois akawapigia kelele waache, wakamgeuzia bunduki yeye. Akakokotwa hadi gerezani, kundi la watu wenye hasira likimfuata nyuma, mpaka ofisa mmoja wa serikali ya Mexico aliyejua taratibu alipoamuru aachiwe.

Huku nyuma umati ulizizingira ndege. Watu walitoboa vitambaa vya mbawa kwa sigara, wakavichana kwa visu, wakafungua nati na kuondoka nazo. Marubani wakaamua kupaa hivyohivyo. Dargue hakufika mbali: kipande cha mgongo wa ndege kilichomoka na kuharibu mkia, akalazimika kutua tena, peke yake, katikati ya watu waliokuwa wakimkaribia. Akatokea mpiga picha aliyetaka kumpiga picha akiwa na ndege yake. Watu wakasogea nyuma kupisha picha. Dargue akajiweka sawa kwa picha, akajiweka sawa tena, akaomba nyingine, akavuta muda mpaka askari wa kulinda walipofika. Picha yenyewe ipo hadi leo: kijana amesimama ameegemea ndege, uso mkavu.

Kufikia Aprili 20, kati ya ndege nane zilibaki mbili, nazo zikaondolewa kazini kwa ubovu. Villa hakupatikana. Kwa kipimo chochote cha kijeshi kikosi kilishindwa. Hata hivyo, ukiwa ni wakati ambao Ulaya ilikuwa imeshawaka moto na magazeti yakiandika aibu ile ya Mexico, Bunge lilitoa nusu milioni ya dola kwa dharura, na Agosti likapitisha zaidi ya milioni 13 kwa ajili ya ndege.

Tuseme ukweli usiopendeza: miaka sita ya Foulois kuziba mapengo kwa jasho lake haikuufungua mfuko wa serikali kama ulivyofunguliwa na wiki tano za kushindwa hadharani. Anayeficha pengo kwa bidii yake humfichia pia mwenye fedha. Sidhani kama Foulois aliusoma somo hilo vizuri. Nadhani alijifunza tofauti, kwamba ukivumilia, mwishowe watakupa.

Na kweli walimpa, kwa kasi ya kutisha. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, Foulois alikuwa mmoja wa walioandaa mpango wa ndege uliopitishwa na Bunge Julai mwaka huo kwa dola milioni 640. Mtu aliyewahi kuhesabu dola 150 sasa alikuwa anachora mpango wa maelfu kwa maelfu ya ndege, katika nchi isiyokuwa na viwanda vya kuziunda. Ahadi zikaruka mbele ya uwezo. Ndege pekee iliyoundwa Marekani kwa wingi na kufika mstari wa mbele ilikuwa DH-4, nayo ni muundo wa Waingereza.

Novemba 1917, akiwa brigedia jenerali wa muda, Foulois alifika Ufaransa kuongoza huduma ya anga ya jeshi la Pershing. Alikuja na maofisa wengi wapya wenye vyeo na uzoefu mdogo, wakawakuta wenzao waliotangulia, akiwemo Billy Mitchell, ambao waliwaona kama wavamizi. Ofisi zikawa mbili, majungu yakatawala. Pershing alisema kwamba huduma ile ilikuwa na watu wengi wazuri wanaozunguka tu bila kufika popote. Mei 1918 akamleta Mason Patrick, mhandisi asiye rubani, aje awanyooshe wote.

Foulois akapangiwa kuongoza anga ya Jeshi la Kwanza huko Toul, mahali alipokuwa Mitchell. Alipofika kukabidhiwa ofisi, Mitchell aligoma kuachia ramani na samani. Wanaume wawili wazima, vita vikiendelea kilomita chache kutoka pale, wakagombania meza. Foulois akamwandikia Pershing kuomba Mitchell arudishwe nyumbani.

Kisha akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya, na ambalo husemwa kwa nadra. Baada ya majuma machache ya kumwona Mitchell akiwa kazini, Foulois mwenyewe ndiye aliyependekeza hasimu wake apewe uongozi wa mapigano, naye akajiondoa kwenda Tours kushughulikia ugavi na vipuri. Septemba 1918 Mitchell aliongoza karibu ndege 1,500 za mataifa washirika katika shambulio la Saint-Mihiel, na jina lake likapaa. Ndege zile ziliruka kwa mafuta na vipuri vilivyopita mikononi mwa watu wa nyuma. Foulois alikuwa ni mtu wa nyuma tena, kwa hiari yake.

Baada ya vita cheo cha muda kikaondolewa, akashuka ngazi kadhaa kama wengine wengi. Mitchell akachagua kelele: aliwatukana wakubwa magazetini, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka 1925, akaacha jeshi mwaka uliofuata. Foulois, ambaye mbele ya kamati za Bunge alikuwa na maneno makali karibu sawa na ya Mitchell kuhusu anga kujitegemea, alibaki ndani, akapelekwa Berlin kama mwambata wa kijeshi, akangoja zamu yake. Mei 1931 akaongoza luteka kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na jeshi hilo wakati wa amani, ndege zaidi ya 600 zikiruka pamoja juu ya Chicago, New York na Boston. Hakufa hata mtu mmoja. Alipewa tuzo ya Mackay, na Desemba mwaka huo akawa mkuu wa Kikosi cha Anga.

Ninashuku kwamba luteka ile ilimpumbaza. Ndege zile ziliruka mchana, katika hali nzuri ya hewa, kwa mpango ulioandaliwa kwa muda mrefu. Barua haichagui siku. Barua ya New York kwenda Chicago inapita juu ya milima ya Allegheny usiku, katika theluji.

Basi turudi Februari 1934. Mbele ya kamati ya Bunge Foulois alisema marubani wake wana uzoefu mkubwa wa kuruka usiku, kwenye ukungu na hali mbaya ya hewa. Ukweli ni kwamba wengi waliopangwa kwenye kazi ile walikuwa maluteni vijana wa akiba wenye mwaka mmoja au miwili tangu wahitimu, na waliowahi kuruka saa za maana usiku walihesabika. Vifaa vya kumwonyesha rubani upeo wa macho na mwelekeo asipoona nje vilikuwepo, lakini vingi vilikuwa ghalani. Vilipofungwa kwa haraka, katika ndege nyingine viliwekwa mahali ambapo rubani hakuweza kuvitazama vizuri akiwa anaruka. Baadhi ya ndege zilikuwa za kivita aina ya Boeing P-12, chumba cha rubani kikiwa wazi kabisa, zenye nafasi ya mizigo isiyozidi mfuko mmoja mdogo wa barua. Na Februari ile ilikuwa na baridi kali kuliko kawaida katika majimbo ya mashariki.

Tarehe 16, kabla hata ya barua ya kwanza kubebwa, vijana watatu walikufa Utah na Idaho wakati wa kuzizoea njia. Eddie Rickenbacker, shujaa wa vita aliyekuwa sasa mtu wa kampuni za ndege, akaita jambo hilo mauaji yaliyohalalishwa. Mkesha wa mabadiliko hayo yeye na Jack Frye waliirusha ndege mpya ya DC-1 kutoka California hadi Newark kwa saa 13 na dakika chache, wakiwa na shehena ya mwisho ya barua za kampuni. Lilikuwa tangazo la biashara, ndiyo, lakini pia lilikuwa kipimo: ndege ya kiraia ilikuwa imeiacha ya kijeshi nyuma kwa mbali, na mkuu wa anga alikuwa ama hajui au hataki kusema.

Asubuhi ya Machi 10, baada ya vifo vingine vinne ndani ya siku moja, Roosevelt aliwaita MacArthur na Foulois Ikulu. Kwa kumbukumbu za Foulois mwenyewe, rais alimuuliza mauaji haya yatakoma lini, naye akamjibu kwamba yatakoma ndege zitakapoacha kuruka. Jibu la kijeuri, tena la kweli, lakini lilichelewa mwezi mmoja na mtu wa kulisikia alikuwa Branch. Safari zikasimamishwa kwa siku kadhaa, zikarudi kwa tahadhari zaidi, na ajali zikapungua sana.

Je, angeweza kukataa? Watetezi wake husema rais ndiye aliyeshaamua, na kwamba jenerali anayemwambia rais “hatuwezi” anaifungia anga mlango wa fedha kwa miaka kumi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini hakuna aliyemlazimisha kusema siku kumi. Angesema miezi miwili, na siku zenyewe zingekuwa zimeelekea kiangazi. Hapo simwonei huruma. Kukubali kufa mwenyewe kwa ndege mbovu, kama alivyofanya Texas akiwa luteni, ni ujasiri. Kukubali kwa niaba ya luteni mwingine aliyeko Idaho si jambo lilelile, na tatizo la Foulois ni kwamba alipanda vyeo vyote vile bila kuiona tofauti.

Kilichomng'oa, hata hivyo, hakikuwa vifo. Kamati ndogo ya Bunge chini ya William Rogers ilimtuhumu kununua ndege kwa makubaliano na kampuni badala ya kushindanisha zabuni, na kulipotosha Bunge. Ununuzi wa namna ile ulikuwa umezoeleka kabla yake, na uliifaa kazi, kwa sababu zabuni ya bei ya chini humletea rubani ndege ya bei ya chini. Waziri wa Vita George Dern aligoma kumfukuza kwa ushahidi uliotolewa faraghani, ambao mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kuujibu. Uchunguzi wa jeshi ulimsafisha katika mengi, ukamkuta na hatia ya maneno yaliyotiwa chumvi mbele ya wabunge. Akapewa karipio. Ulimi tena.

Upande mwingine wa hesabu unajulikana, na unakera. Aibu ya barua iliundiwa bodi chini ya Newton Baker, iliyotaka marubani wapewe saa nyingi zaidi za kuruka, hasa usiku na kwa kutegemea vifaa. Machi 1935 anga ikapata kamandi yake ya mapigano, jambo ambalo Foulois alikuwa akilidai kwa miaka mingi. Julai mwaka huo Boeing wakairusha ndege yao ya Model 299, iliyokuja kuwa B-17, mshambuliaji wa masafa marefu aliyezaliwa wakati Foulois akiwa madarakani. Kama mwaka 1916, kushindwa kulileta kile ambacho bidii haikukileta, safari hii kwa bei ya watu 12.

Desemba 1935 alistaafu. Kamandi mpya aliyoipigania alipewa Frank Andrews. Foulois aliishi miaka mingine zaidi ya 30, mingi akiizunguka nchi kuhutubia juu ya nguvu za anga, akimalizia uzeeni katika kambi ya anga jirani na Washington. Alifariki tarehe 25 Aprili 1967 akiwa na miaka 87. Kambi hiyo ina jina la Andrews.